Hilux ya Kirushya na Difu Zisizolingana

Mfanyabiashara wa maharage wa Kirushya alianza na matairi. Wengi huanzia hapo, kwa sababu matairi ndiyo yanayoonekana. Gari likisimama sokoni likiwa juu, limevaa matairi mapana yenye meno makubwa, kila mpita njia analigeukia. Difu hakuna anayeigeukia. Iko chini, imegandwa na tope, na mwenye gari huikumbuka siku inapoanza kulia.

Mtu huyu ni wa mfano, kwa hiyo simpi jina. Nimemjenga kwa mambo yanayoyapata magari yaliyonyanyuliwa, na hesabu zote zilizomo humu ni halisi; msomaji anaweza kuzirudia kwa kalamu na karatasi. Nimemweka Kirushya, wilayani Ngara, kwa sababu wilaya hiyo ni mahali ambapo kosa la difu halijifichi. Barabara kuu ya lami inatoka mpakani Rusumo, inapita Benaco, inaingia wilaya ya Biharamulo kupitia Nyakahura hadi Lusahunga, kisha inashika njia ya Nyakanazi, Kahama na Isaka. Ni njia ya malori yanayopeleka mizigo Rwanda na Burundi kutoka bandari ya Dar es Salaam. Ukitoka kwenye lami hiyo unaingia barabara za kata, udongo mwekundu na changarawe juu ya vilima, na masika ya Machi hadi Mei yanazichimba mifereji. Mnunuzi wa maharage anapita barabara hizo za aina mbili kwa siku moja. Asubuhi yuko kwenye tope la vijijini, jioni yuko kwenye lami nyuma ya malori akiwa na magunia mgongoni mwa gari.

Gari lake lilikuwa Hilux ya milango minne, injini ya dizeli ya lita 3 isiyo na tabo, ile ya 5L. Ni injini mvumilivu, ila nguvu zake zina kipimo. Matairi ya kiwandani yalikuwa 205R16, ambayo kwa kipenyo ni kama sentimita 73. Akaongeza majani ya springi nyuma, akakaza tosheni mbele, akaweka shokapu ndefu, akavisha matairi ya 285/75R16, yale ambayo mafundi huyaita ya inchi 33. Kipenyo chake ni kama sentimita 83.

Hapa nisimame kidogo, maana kuna jambo ambalo wauzaji wa springi hawalisemi. Springi hunyanyua bodi na chesisi. Haziinui difu hata milimita moja, kwa sababu difu ya nyuma ya gari kama hili imo ndani ya ekseli, na ekseli imekaa kwenye matairi. Kinachoinua difu kutoka kwenye jiwe ni tairi peke yake, tena kwa nusu ya kipenyo kilichoongezeka. Yule bwana aliongeza sentimita 10 za kipenyo, akapata sentimita 5 chini ya difu. Hiyo ndiyo faida yote aliyoipata pale panapogonga. Kilichobaki ni urefu wa bodi, pamoja na propela, shafti inayopeleka nguvu kwenye difu, iliyopinda zaidi kuliko ilivyopangwa, na krosi, yaani viungo vya propela, zinazofanya kazi kwa pembe mbaya kila siku.

Wiki za mwanzo alifurahi, na furaha yake ilikuwa ya haki: mifereji iliyokuwa ikimgonga tumboni aliipita bila kusikia kitu. Kisha akaanza kuyaona mengine. Gia ya tano ikafa, yaani kila akiiweka kwenye kamlima kadogo gari lilikuwa linazama hadi arudishe ya nne. Kupanda kutoka mtoni Rusumo kuelekea Benaco na mzigo, alikokuwa akitumia ya tatu, sasa alikwenda na ya pili huku moshi mweusi ukimfuata. Akianza safari mlimani ilimbidi aizuie klachi nusu, na baada ya muda harufu ya sahani ya klachi ikawa inaingia mpaka ndani. Dizeli ikaongezeka. Siku moja, kwenye kijiji chenye kibao cha 50, akapigwa tochi na askari wa usalama barabarani, naye akaapa kwamba mshale wake ulikuwa umesimama kwenye 50 kamili. Alikuwa anasema kweli, na askari naye alikuwa anasema kweli. Tairi kubwa hutembea mbali zaidi kwa kila mzunguko. Mshale ulisoma 50, gari lilikuwa linakwenda karibu 57.

Yaliyompata yana maelezo mepesi. Ndani ya difu kuna pinioni, gia ndogo inayozungushwa na propela, nayo inazungusha krauni, gurudumu kubwa la meno linalopeleka nguvu kwenye matairi. Difu yake ilikuwa na krauni ya meno 41 na pinioni ya meno 10. Gawanya 41 kwa 10, unapata 4.10: propela inazunguka mara 4.10 ili tairi lizunguke mara moja. Namba hiyo ndiyo uwiano wa difu, na wahandisi wa Toyota waliipanga wakiwa na tairi la sentimita 73 mezani. Ukiweka la sentimita 83 umeongeza asilimia 13 na nusu hivi, na hilo ni sawa na mtu kukupunguzia uwiano wa difu hadi kama 3.6 bila kufungua nati hata moja. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa katika gia ya tano yenye uwiano wa 0.85, injini iliyokuwa ikizunguka karibu mara 2,010 kwa dakika sasa inazunguka 1,770. Injini ile hutoa mvuto wake mkubwa karibu na mizunguko 2,400. Kila unaposhuka chini ya hapo unaiomba ibebe mzigo mkubwa zaidi kwa pumzi ndogo zaidi.

Breki nazo ziliguswa. Nguvu ya breki inayofika ardhini hupungua kadiri tairi linavyokua. Kwa matairi yale, mguu uleule kwenye pedeli ulitoa pungufu ya asilimia 12. Injini pia ililizuia gari kidogo kuliko zamani wakati wa kushuka. Anayeshuka kwenda Rusumo na mzigo huku ana lori mbele na lori nyuma anajua asilimia 12 ni kitu gani.

Akaenda kwa fundi mzee. Tuseme mzee huyu alijifunza kazi katika karakana za magari ya misaada miaka ya 1990. Ngara ina historia hiyo: mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao robo milioni kutoka Rwanda walivuka Rusumo ndani ya takriban siku moja, kambi ikaota Benaco, na wilaya ikajaa Land Cruiser nyeupe zilizokuwa zinatembea tope na milima usiku na mchana. Fundi aliyepitia kazi hiyo hana papara na gari.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Naona umepanda dari.”

“Mzee, gari limechoka. Nadhani pampu ya dizeli inataka kukazwa.”

Mzee hakugusa pampu. Alifungua boneti, akafuta kibao cha chuma cha Toyota kwa kitambaa, akaonyesha mstari wenye neno la ekseli. Mbele ya neno hilo kuna herufi na tarakimu chache. Herufi inataja aina na ukubwa wa difu, tarakimu za mwanzo zinataja uwiano. Magari mengi ya Toyota yaliyotoka Japani yana kibao hicho, na wenye magari wengi hawajawahi kukisoma.

“Pampu haina kosa,” mzee akasema. “Umebadilisha matairi ukaiacha difu. Sasa nisikilize. Difu za gari hili zinazopatikana ni za 43 kwa 11, 41 kwa 10, 43 kwa 10, 41 kwa 9 na 39 kwa 8. Hakuna za katikati. Ukitaka kubadilisha, unabadilisha ya nyuma na ya mbele siku moja. Huna hela ya mbili, usibadilishe hata moja.”

“Ya mbele si naitumia masika tu, mzee?”

“Ndiyo. Na masika yatakuja.”

Hesabu ya kuchagua ni fupi: chukua uwiano wa zamani, zidisha kwa kipenyo cha tairi jipya, gawanya kwa kipenyo cha tairi la zamani. Kwa yule bwana, 4.10 mara 83.4 gawanya kwa 73.4 ni 4.66. Hiyo ndiyo difu ambayo ingelirudisha gari mahali lilipotoka kiwandani. Kwa bahati mbaya 4.66 haiuzwi. Kuna 41 kwa 9, yaani 4.556, iliyo chini yake kidogo. Na kuna 39 kwa 8, yaani 4.875, iliyo juu yake. Ubishi mwingi wa gereji uko hapo katikati, na nitaurudia.

Mfanyabiashara hakurudi kwa mzee. Alipata habari kwamba mjini kuna muuzaji wa spea za mtumba kutoka Japani mwenye difu ya nyuma ya 41 kwa 9, nzima, imetolewa na kichwa chake chote. “Bosi, hii ni kufunga na kuondoka,” akaambiwa. Bei ilikuwa nzuri. Ya mbele haikupatikana, na hata kama ingepatikana, difu ya mbele ya Hilux ya aina hiyo ina kazi ya kuifungua, siyo ya asubuhi moja. Ilikuwa kiangazi. Akafunga ya nyuma peke yake.

Hapa kuna hatari ambayo ningependa msomaji aitazame kwa makini kuliko zote: gari likawa zuri. Likapanda Rusumo na ya tatu. Gia ya tano ikafufuka. Mshale wa spidi ukawa karibu sawa, maana kwa gari kama hilo unasoma mzunguko unaokwenda kwenye propela, na difu mpya ilifuta sehemu kubwa ya kosa lililoletwa na matairi. Kwa miezi yote ya kiangazi alitembea kwa magurudumu ya nyuma tu, fowili, yaani uendeshaji wa magurudumu yote manne, ikiwa imelala, na hakuna sauti wala mtikisiko uliomwambia kwamba mbele yake kuna difu ya 4.10 na nyuma yake ya 4.556. Kosa la aina hiyo linakaa kimya mpaka siku utakapoihitaji fowili, na unaihitaji siku ambayo huna pa kuegesha.

Masika yakaja. Barabara ya kata ikafunguka mifereji, akaingiza fowili akiwa na magunia nyuma. Kwenye tope laini hakuona kitu. Tope lilikuwa linamsamehe, kwa sababu matairi yaliweza kuteleza. Kisha barabara ikapanda kwenye mwamba na changarawe kavu, pale ambapo maji hayasimami. Usukani ukawa mzito ghafla. Gari likawa kama linavutwa kwa nyuma. Akajaribu kutoa fowili, mtaimbo ukagoma. Akaongeza mafuta ili apite haraka.

Tuangalie kinachotokea chini yake wakati huo. Fowili ikiingia, transfa inazifunga propela mbili zizunguke sawa. Propela ya nyuma inazunguka mara 4.556 kwa kila mzunguko wa tairi la nyuma. Propela ya mbele inalazimika kuzunguka mara 4.556 hizohizo, lakini difu yake inataka 4.10 tu kwa mzunguko mmoja wa tairi, kwa hiyo matairi ya mbele yanalazimika kuzunguka zaidi. Gawanya 4.556 kwa 4.10: ni 1.11. Matairi ya nyuma yakitembea mita 100, ya mbele yanataka kutembea mita 111. Ni kama watu wawili waliofungwa kamba moja kiunoni, mmoja akitembea na mwingine akikimbia. Mita hizo 11 lazima zipotelee mahali. Kwenye tope zinapotelea katika kuteleza. Kwenye mwamba mkavu hakuna kuteleza, kwa hiyo zinajikusanya ndani ya chuma: propela zinajikunja, meno ya transfa yanabanana hadi mtaimbo hautoki, mpaka kilicho dhaifu kikubali kukatika.

Kilichokubali ni krosi ya propela ya mbele. Ililia mlio mmoja mkubwa, kisha propela ikiwa imeshikwa upande mmoja ikaanza kulichapa tumbo la transfa hadi nyumba yake ya aluminiamu ikapasuka. Oili ikamwagika kwenye changarawe. Gari likasimama mlimani na mzigo. Mtu akikuambia alipata bahati kwa kuwa halikurudi nyuma, mwamini. Kuvunjika kwa propela kwenye mteremko kumeshasukuma magari makondeni.

Angekuwa na Prado ya 90 au Land Cruiser ya 80, madhara yasingesubiri masika. Mengi ya magari hayo huendesha magurudumu yote manne wakati wote, na kati ya mbele na nyuma yana difu ya katikati. Ukiweka difu mbili zisizolingana, ile ya katikati inalazimika kufanya kazi bila kupumzika kuanzia siku ya kwanza, hata kwenye lami iliyonyooka, mpaka iungue. Watu wa magari hayo wasijifariji kwa kisa cha Hilux.

Basi gari likavutwa hadi kwa mzee. Hakumcheka. Alimpa stuli akakaa, wakaanza upya na karatasi.

Swali la kwanza la mzee halikuhusu difu. Alimuuliza: “Kwa wiki, gari hili linalala wapi na linapita wapi?” Jibu lilikuwa la kawaida kwa watu wa huku. Safari nyingi ni za vijijini kwa mwendo wa kilomita 30 au 40 kwa saa, mara moja moja lami hadi Lusahunga na Nyakanazi kwa mwendo wa 70 au 80 na mzigo, na Kahama kwa nadra. Huyo hahitaji gari la kukimbia. Anahitaji gari linalopanda na magunia bila kuunguza klachi, lakini lisilopiga kelele kama trekta likifika kwenye lami.

Wapo watakaosema aweke 4.875 aishie hapo. Kwa matairi ya 285/75 ingempa mizunguko kama 2,110 kwenye kilomita 80 kwa saa, juu kidogo ya ile ya kiwandani, na mlimani angefurahi. Nawaelewa. Ila difu ya 39 kwa 8 ina pinioni ya meno manane. Kadiri uwiano unavyopanda ndani ya nyumba ileile ya difu, pinioni inakuwa ndogo, meno yanayogusana kwa wakati mmoja yanapungua, na kila jino linabeba zaidi. Kwa gari la starehe hilo ni jambo la kuvumilika. Kwa gari la magunia, lenye matairi mazito yenye mkono mrefu wa kuipinda difu kila tairi linapokwama kwenye jiwe, ni kuongeza mzigo na kupunguza chuma kwa pamoja. Na kuipata ya mbele na ya nyuma, zote nzima, kwenye mitumba si rahisi.

Wengine watasema aweke 4.556 mbele na nyuma, abaki na matairi yake. Inawezekana. Angepata mizunguko 1,970, karibu sana na ya mwanzo. Kwa mtu asiyebeba mzigo ningekubali. Tatizo ni kwamba matairi yale ni mazito kuliko ya zamani, na hesabu ya kipenyo hailipii uzito. Gari la mzigo linatakiwa livuke kidogo kiwango cha kiwandani, lisiishie chini yake.

Mzee alichukua njia ya tatu, nami niko upande wake. Alianza na difu inayopatikana na iliyo imara, ile ya 41 kwa 9, mbele na nyuma, kisha akatafuta tairi linaloifaa. Tairi la 265/75R16 lina kipenyo cha kama sentimita 80. Zidisha 4.10 kwa 80.4, gawanya kwa 73.4: unapata 4.49. Difu ya 4.556 inakaa hapo vizuri, na inabakiza nguvu kidogo ya ziada kwa ajili ya mlima na mzigo. Kwenye kilomita 80 kwa saa injini inazunguka kama 2,040. Breki zinarudishiwa sehemu ya nguvu zao. Mshale wa spidi unakaribia ukweli.

Na alipoteza nini kwa kushusha tairi? Chini ya difu alipoteza sentimita moja na nusu. Basi! Alikuwa tayari kuua transfa kwa sentimita moja na nusu.

Akalalamika kwamba matairi ya sentimita 80 yatamfanya aonekane mdogo mbele ya Land Cruiser za hardtop. Mzee akamkumbusha kwamba Land Cruiser hizo za vijijini, za familia ya 70, hutoka kiwandani na matairi ya 7.50R16, ambayo nayo ni ya sentimita 80 hivi. Na nyuma ya matairi hayo kuna injini ya 1HZ ya lita 4.2. Gari linaloheshimiwa kuliko yote kwenye barabara zetu linatembelea tairi la ukubwa huo kwa injini kubwa zaidi, na mwenye lita 3 alitaka kulizidi.

Jambo hili halikuanza na Toyota. Land Rover za zamani za Series zilikuwa na difu ya 4.7, na Range Rover na Defender zikaja na ya 3.54. Wenye Series wengi, Uingereza hadi huku kwetu, walizitamani difu za 3.54 ili magari yao yaache kulia kwenye lami. Kwenye lami iliyolala walipata walichotaka. Mlimani wakagundua kwamba gia ya nne imekuwa pambo. Yule aliyebadilisha kwa sababu ya barabara anayoipita mara mbili kwa mwaka aliiadhibu barabara anayoipita kila asubuhi.

Kazi ya kufunga ilichukua muda, na mzee hakukubali kuharakishwa. Krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani kama jozi na huwa zimechorwa namba. Zilizotoka kwenye difu mbili tofauti haziendani. Alipaka rangi kwenye meno machache ya krauni, akaizungusha mbele na nyuma, akatazama alama iliyobaki. Alama ikikaa katikati ya uso wa jino, mambo ni mazuri. Ikikimbilia ncha au shina, pinioni inafunguliwa tena, kiashi chembamba cha chuma kinaongezwa au kupunguzwa, na kazi inaanza mwanzo. Mwanya kati ya meno hupimwa kwa saa maalumu, na kwa difu hizi ni kama milimita 0.13 hadi 0.18. Fundi asiye na saa hiyo anabahatisha kwa vidole, na difu iliyobahatishwa ndiyo inayopiga mluzi kuanzia Benaco mpaka Nyakanazi. Beringi na oili sili zikawekwa mpya. Oili ikawa ya GL-5, namba 80W-90.

Kisha likaja sharti ambalo wengi wanalivunja: kilomita 800 za kwanza bila mzigo mzito. Safari za mwanzo ziwe fupi, gari liachwe lipoe kabisa, ndipo liondoke tena. Meno yanayoanza kuzoeana hutoa joto kali, na joto hilo likizidi linalainisha chuma ambacho kingeishi miaka. Baada ya kilomita hizo oili inamwagwa, unga mwembamba wa chuma unatoka nayo, inawekwa mpya. Kwa mnunuzi wa maharage, kilomita 800 bila magunia ni hasara ya kweli. Afadhali apange kufunga difu wakati ambao si wa mavuno.

Wewe unayeishi Rulenge, Murusagamba, Nyakahura au Biharamulo mjini, na umenunua gari ambalo mmiliki wa kwanza alishalinyanyua, hujui kilichomo chini. Kibao cha kiwandani kitakuambia lilivyozaliwa tu. Hakitakuambia lilivyofanywa baadaye. Lipime mwenyewe kabla ya Machi. Egesha mahali tambarare, weka mawe imara kwenye matairi mengine, gia iwe huru, handbreki iachiwe, fowili iwe imetolewa. Inua tairi moja tu la nyuma, lingine libaki chini. Piga chaki kwenye tairi na kwenye propela. Zungusha tairi mizunguko 20 huku mwenzako akihesabu propela, kisha gawanya hesabu yake kwa 10. Tairi moja likiwa limeshikwa chini, difu ya kawaida isiyo ya kujifunga inahitaji mizunguko miwili ya tairi lililo juu kwa kila mzunguko mmoja wa krauni. Propela ikizunguka mara 41, una 4.10. Ikipita 45 na nusu kidogo, una 4.556. Nenda mbele, funga hab za matairi ya mbele, rudia vilevile. Namba hizo mbili zikitofautiana, usiguse mtaimbo wa fowili, hata mvua inyeshe vipi, mpaka difu zote mbili zitakapokuwa na namba moja.